Siku Bibi Alipokwenda kwa Wanavajo

Jumamosi iliyopita nilikwenda Malvern kununua unga. Siku hizi naishi North York, hapa hapa Toronto, na unga wa sembe huku haukosekani, lakini lile duka la Malvern linauza pia majani ya maboga yaliyogandishwa, na mimi kwa majani ya maboga naweza kuvuka jiji zima. Nikiwa narudi garini na mifuko yangu, nikainua macho. Ng'ambo ya barabara lipo bado ghorofa letu la zamani. Wamelipaka rangi ya kijivu, na kwenye kibaraza cha ghorofa ya saba, upande wa jua, mtu ametundika baiskeli ya mtoto. Nikacheka peke yangu pale kwenye maegesho, maana kibaraza kile Bibi yangu alikuwa anaanikia milulu.

Labda hujafika Iringa, rafiki yangu, basi nikueleze. Milulu ni nyasi ndefu zinazoota kwenye majimaji, na wanawake wa kwetu huzisuka vikapu vilivyokaza kiasi kwamba ukikigonga kimoja kwa kidole kinaitika. Bibi, mama mzazi wa Baba, alikuja kuishi nasi Toronto baada ya Babu kufariki, mimi nikiwa na miaka tisa. Alikuja na sanduku moja la nguo na furushi la milulu lililofungwa kwa khanga mbili. Alivyopita uwanja wa ndege na furushi lile sijui mpaka leo. Baba husema ofisa alimwuliza hiki ni nini, Bibi akamweleza kwa Kiswahili kuanzia kukata mpaka kusuka, na ofisa akaona heri agonge muhuri.

Sasa milulu haisukwi ikiwa mikavu. Sharti ilowekwe kwanza, na chombo pekee kilichotosha urefu wake kilikuwa bafu letu. Baba alirudi kutoka kazini anataka kuoga, akakuta nyasi zimejinyoosha bafuni kama wageni. Akasema, "Mama, hapa watu wanaoga." Bibi akamjibu, "Na wao wasubiri zamu." Nyumba nzima ilinuka bwawa. Mpaka leo nikipita karibu na maji yaliyotulia, moyo wangu unachangamka, wenzangu wakiziba pua.

Bibi alinipenda kwa utani, kama bibi wa kwetu wanavyowapenda wajukuu. Aliniita mke mwenzake, kwa madai kwamba sote wawili tulikuwa wake wa Babu, na kila nilipokosa kufagia vizuri alinikumbusha kwamba ndiyo maana Babu alimpenda yeye zaidi. Alinisuka nywele Jumapili, alinifundisha kuchagua maharage, alinipikia viazi vitamu vya kuchemsha asubuhi za theluji. Nami nilikuwa na dosari moja kubwa. Kiswahili nilikisikia chote, mpaka matusi, lakini kukisema, hapana. Bibi aliuliza kwa Kiswahili, mimi nilijibu kwa Kiingereza, ambacho yeye hakukijua.

Usidhani nilikuwa na kiburi. Nilikuwa na aibu. Nilipokuwa mdogo niliwahi kujaribu kusema jambo mezani, nikavuruga, na wazazi wangu wakacheka mpaka machozi. Kilikuwa kicheko cha mapenzi tu, lakini mtoto hapimi kicheko. Nikafunga mdomo, na ukakaa umefungwa miaka.

Basi siku moja, mimi nimefika miaka kumi na moja, tuko mezani, Bibi akaweka tonge lake pembeni akamwambia Baba, "Mwanangu, nikatie tiketi nirudi kwetu. Humu ndani nimekuwa redio. Nasikilizwa, sijibiwi." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilituuma. Baba na Mama walikuwa wakitoka asubuhi na kurudi wamechoka. Mtu aliyeshinda na Bibi nilikuwa mimi. Nilijua kabisa nani hamjibu. Tiketi ikakatwa, ya mwisho wa Agosti. Nilitaka Bibi abaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na dawa ilikuwa mdomoni mwangu, na sikuweza kuitoa.

Ndipo Baba Mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Phoenix, Marekani, akapiga simu. Alisema haiwezekani mama yake aje Amerika na kuondoka bila kufika kwake. Akatuandalia na matembezi kabisa: baada ya kukaa naye siku chache, tungepanda kaskazini kwenye nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa sehemu ile, tukatembezwe siku nzima kwenye mawe yao makubwa. Yeye mwenyewe hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo tuliendesha wanne: Baba, Mama, Bibi na mimi. Bibi alikaa nyuma pamoja nami, mkoba wake mapajani, akinionyesha jangwa na kuniuliza hawa wanakunywa nini. Nikajibu kwa Kiingereza kwamba sijui.

Asubuhi iliyofuata kiongozi wetu alitupokea na gari la wazi lenye mabenchi nyuma. Alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, nywele zake amezifunga nyuma kwa uzi mweupe wa sufu, shingoni ana mkufu wa mawe ya bluu. Kabla hata ya kuwasha gari alijitambulisha kwa lugha yake, polepole, kisha akatueleza kwa Kiingereza kwamba ametaja koo zake nne: ya mama yake, ya baba yake, na za babu zake wa pande zote mbili. Akasema kwao mtu hujitaja hivyo ili ujue umesimama na nani. Baba akamgeukia Bibi, akatafsiri: "Anasema karibuni."

"Maneno yote yale, karibuni?" Bibi akauliza.

"Na kwamba ni mwenyeji."

"Huyu ametaja ukoo," Bibi akasema. "Mimi nimesikia. Mtu akitaja ukoo sauti yake inasimama wima. Wewe unanipa makapi, punje unakula mwenyewe."

Na ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Dada yule alikuwa msimuliaji hodari, akisimamisha gari kila mahali, akieleza upepo ulivyochonga, maji yalivyokata, wazee walivyojificha na kondoo wao bondeni enzi za taabu. Baba alikuwa amenunua kamera mpya ya video na jicho lake halikutoka kwenye kioo. Dakika tano za habari aliziweka hivi: "Anasema ni mawe ya zamani." Kituo kinachofuata: "Anasema haya nayo ni ya zamani." Bibi akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeelewa kila neno la dada yule, na kila neno la Bibi, na nimekaa katikati yao kama kisiki.

Mawe yenyewe, jamani. Sikuwa nimewahi kuona kitu kimesimama vile. Minara myekundu, mirefu kuliko ghorofa letu mara nyingi, iko peke yake kwenye tambarare, na chini vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Baba alizima kamera kwa mara ya kwanza akamwuliza Bibi anaonaje. Bibi aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema, "Kwani hii si Isimila?"

Isimila iko nje kidogo ya mji wa Iringa, korongo lenye nguzo ambazo mvua imezichonga, na Bibi aliolewa jirani na hapo. Baba alikunja uso. "Mama, watu wanatoka dunia nzima kuja kuona mawe haya."

"Waje na kwetu. Pale sisi tulikuwa tunatafutia mbuzi waliopotea." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Lakini tuseme ukweli, haya yameshiba kuliko yetu."

Kilichompendeza Bibi zaidi ya mawe ni mdomo wa yule dada. Dada alipotaka tutazame mnara fulani hakunyoosha kidole. Alibinua midomo upande ule. Bibi alinishika paja. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya yeye maisha yake yote, na huko Toronto kulishamletea balaa. Siku moja kwenye basi alimwonyesha mzee mmoja kiti kitupu kwa midomo, mzee akadhani anatumiwa busu, akashuka kituo kilichofuata. Sasa hapa, katikati ya jangwa, amempata mtu anayeonyesha kama binadamu. Tangu hapo wakawa wanaonyeshana, dada anabinua huku, Bibi anabinua kule, na hawakuhitaji mkalimani.

Kabla ya saa sita gari likaacha njia ya mawe, likaelekea kwa bibi yake dada yule, tukaone nyumba ya asili na ufumaji wa mazulia. Njia ilikuwa mbovu. Mama, ambaye hata lifti ya ghorofa letu humsumbua tumbo, alishuka amekuwa kijivu, akalala kwenye benchi la kivulini. Baba akabaki kumpepea kwa kofia. Kwa hiyo tulioingia ndani tulikuwa watatu: dada, Bibi, na mimi.

Nyumba yenyewe ni ya magogo, imefunikwa udongo, karibu iwe duara, mlango wake unatazama jua linapochomoza. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya sufu na moshi wa zamani. Bibi alivua viatu mlangoni. Dada akasema si lazima, Bibi akaviweka sambamba ukutani hata hivyo. Tukaelekezwa tuzunguke kwa kushoto, kufuata mwendo wa jua, na Bibi akazunguka bila swali, maana alikuwa anaamini kila nyumba ina adabu yake na mgeni haulizi sababu akiwa bado amesimama.

Mbele ya fremu kubwa ya kufumia alikaa bibi wa yule dada, amevaa blauzi ya mahameli ya zambarau na sketi ndefu. Hakujua Kiingereza. Alisimama. Bibi yangu naye akasimama, akamtazama, akakwama. Akaninong'oneza, "Muulize ana miaka mingapi."

"Bibi! You can't ask that!" Shuleni kwetu kumwuliza mwanamke umri ilikuwa karibu sawa na kumwibia.

"Sasa nitamsalimuje? Nimwamkie mimi au aniamkie yeye? Unataka nisimame hapa mpaka jioni?"

Na kweli hakutoka pale. Shikamoo hutolewa na mdogo kwa mkubwa, na mtu wa umri wa Bibi hawezi kuirusha hewani tu ikaangukie popote. Nikamwambia yule dada kwa Kiingereza, masikio yakiniwaka moto. Dada akacheka, akasema hata kwao wazee wangetaka kujua. Akamwuliza bibi yake kwa lugha yao. Jibu likarudi njia ileile: alizaliwa wakati wa baridi, mwaka haukuandikwa, ila barabara ya kwanza ya magari ilipofika kwao tayari alikuwa anachunga kondoo peke yake. Bibi alinisikiliza nikikazana kulitoa jibu lile kwa Kiingereza na ishara za mikono, akalielewa nusu, akasema yeye nzige walipokula mtama wa baba yake tayari alikuwa anateka maji. Hesabu haikutoka. Wakatazamana mikunjo, wakatazamana meno, haikutoka. Mwishowe Bibi akasema, "Basi, mwenye nyumba ndiye mkubwa," akapiga goti kidogo akatoa shikamoo. Yule mama akampa mkono, akamgusa tu taratibu, bila kumminya vidole kama wafanyavyo watu wa Toronto. Bibi aliusifia mkono ule kwa mwezi mzima.

Kisha tukakaa, na yule mama akarudi kwenye kazi yake. Zulia lilikuwa karibu limalizike, jekundu na jeupe na kijivu, na pembeni pote limezungushiwa ukingo mweusi. Alipitisha uzi kwa vidole, akaugonga chini kwa kitana cha mbao, tok, tok, tok. Mikono ya Bibi ilianza kucheza mapajani bila yeye kujua. Alisogea. Alisogea tena. Halafu nikaona macho yake yametua mahali.

Karibu na kona ya juu, uzi mmoja mwembamba wa kijivu ulitoka katikati ya zulia, ukakata ukingo mweusi, ukaenda mpaka nje. Bibi alikuwa mkali kwa ukingo kuliko kitu kingine chochote. Kwake yeye ukingo ndio heshima ya kikapu. Mimi mwenyewe alinifumulisha kikapu kizima kwa sababu ya unyasi mmoja uliochomoza. Akaniinamia. "Mwambie mwenzangu uzi wake umetoroka. Mwambie kwa upole. Ni macho tu, hata mimi siku hizi hayaoni."

Ningefanyaje? Nilikuwa na miaka kumi na moja, niko nyumbani kwa watu. Nikamwambia dada kwa Kiingereza: "Bibi yangu anasema zulia ni zuri sana." Dada akatafsiri. Yule mama akatabasamu, akaendelea kugonga.

Bibi akasubiri. "Umemwambia?"

"Yes, Bibi."

"Huyu hakuambiwa. Hakuna fundi anayeambiwa kazi yake ina kosa akatabasamu." Na kabla sijasema neno, akanyoosha mkono wake, ukucha mbele, aurudishe ule uzi ndani mwenyewe, kama msaada wa fundi kwa fundi.

Yule mama akauwekea mkono wake juu. Hakumpiga, hakumsukuma, aliuweka tu. Ile tok tok ikakoma. Nilisikia nje Baba akimwuliza Mama kama anataka maji. Nikajua nimewaweka vikongwe wawili wenye heshima zao katika aibu, kwa uongo wangu, na hakuna wa kuwatoa ila mimi.

Nikamwambia dada ukweli wote, haraka haraka. Dada hakukasirika. Akaniambia kwamba uzi ule si kosa. Bibi yake huuacha kwa makusudi, kama alivyofundishwa na mama yake. Fundi anatia akili yake yote ndani ya zulia, na akifunga ukingo pande zote, akili inabaki humo. Ule uzi ni njia ya kutokea, ili kesho aweze kuanza jingine. Kisha akamtazama Bibi, akabinua midomo kuelekea kwake. Maana yake, haya, mwambie.

Kwa ishara za mikono jambo hili lisingewezekana. Nikafumbua mdomo. "Bibi," nikasema, "uzi si kosa. Ni mlango. Yeye... kichwa chake kimeingia ndani ya zulia. Akifunga yote, hawezi kutoka. Kesho hawezi kufanya lingine. Kwa hiyo anaacha mlango."

Bibi hakuutazama uzi. Alinitazama mimi. "Rudia," akasema. Nikarudia. Safari ya pili maneno yalitoka vizuri kidogo. Bibi akashika shavu. "Kumbe mdomo unao!"

Ndipo akaugeukia uzi, akaufuata kwa macho kutoka ndani mpaka nje. "Mimi nimefunga kila kikapu miaka hamsini," akasema. "Ndiyo maana nikimaliza kimoja kichwa kinaniuma wiki nzima. Mwambie na hilo." Nikalipeleka kwa Kiingereza, dada akacheka, akalipeleka mbele, yule mama akacheka mwisho kuliko wote na kwa muda mrefu kuliko wote, akijifuta macho kwa mkono wa blauzi yake.

Baada ya hapo sikunyamaza. Nisingeruhusiwa. Walitaka kujua kila kitu: rangi mnapata wapi, mnachemsha mizizi au majani, wajukuu wanajifunza au wanakimbia. Bibi akatoa miwani yake kwenye kikapu kidogo alichokuwa akitembea nacho mkobani, akampa mwenzake kikapu, kwa sababu kwetu mtu haingii kwa mtu mikono mitupu. Yule mama akakinusa, akakigeuza chini juu, akatafuta kitako mahali kilipoanzia. Bibi akanigonga na kiwiko. Mtu asiyejua kusuka hutazama mapambo. Fundi hutazama mwanzo.

Tulikula nje, Mama akiwa amepata rangi yake. Kulikuwa na mchuzi wa kondoo na mikate bapa iliyokaangwa kwenye mafuta, ambayo Bibi aliitambua papo hapo kuwa maandazi yaliyokaliwa. Kulikuwa pia na uji mzito wa mahindi ya bluu. Bibi alionja, akafumba macho, akaomba aongezewe, na akataka nimwulize dada kama unaweza kukazwa uwe ugali. Dada akasema hajui mtu aliyewahi kujaribu. Bibi akasema ndiyo maana Mungu huleta wageni.

Gari liliporudi jioni, vumbi nyuma yetu na mawe yamekuwa rangi ya kutu, nikajikaza. Nilikuwa nimeipanga sentensi ile tangu mlo wa mchana, neno kwa neno. "Bibi, usiondoke. Baki na mimi. Nitakuwa nakujibu."

Alikuwa anataka kwao, nilimjua, na sasa nimemvuta khanga. Akasema, "Tufanye hivi, mke mwenzangu. Siku utakayonisimulia safari hii ya leo, tangu asubuhi mpaka kulala, kwa Kiswahili, bila kutia hata neno moja la Kiingereza, siku hiyo nitaondoka. Nitajua nimeacha mtu wa kuongea naye. Kabla ya hapo, sitoki."

Baba aliisogeza tarehe ya tiketi, akilalamika nusu na kufurahi nusu. Shule zikafunguliwa. Kila siku nikirudi, natupa begi, nakaa na Bibi mezani na sinia la maharage katikati yetu, tunachagua huku nasimulia. Mwanzoni sikuvuka hata kile kituo cha kwanza. Gari tu lilinishinda. "Ukikosa neno, lizungukie," Bibi aliniambia. Nikajifunza kuzungukia. Mnara ukawa jiwe lililosimama kama ghorofa, na kitana cha kugongea zulia kikawa chanuo la sufu mpaka Bibi akanipa neno bora. Oktoba nilifika kwa yule mama. Novemba nilipita ule uzi. Ilipofika Krismasi nilikuwa naweza yote, tangu asubuhi mpaka kulala, na niliweza huku nachagua maharage bila kuacha jiwe.

Nawe umeshajua nilichofanya. Nilikuwa nafika mwisho kabisa, pale tuliporudi tukalala, nami nasema: "Tukarudi, and then tukalala." Bibi anapiga meza. "Aa! Umeangukia mlangoni! Basi, mpaka kesho." Kesho yake naangusha "so". Keshokutwa "okay". Nilijiona mjanja kuliko sungura. Januari, Februari, Machi, Bibi yumo ndani, ananisuka nywele, analowesha milulu yake ya mwisho bafuni, na tiketi inasogezwa tena.

Milulu ikaisha. Alijaribu sufu, akasema inalala ovyo. Theluji ilipoyeyuka tulikwenda kijitoni kukata nyasi za huku. Zilivunjika mikononi mwake. Halafu Juni, Jumapili moja, mdogo wake akapiga simu kutoka kijijini, na kwa kuwa Bibi alipenda kuweka simu kwa sauti kubwa, nilisikia. Milulu bondeni mwaka huu imesimama vizuri, alisema, na yeye magoti yake hayaingii tena majini, hakuna wa kuikata. Bibi akasema haya, haya, msalimie fulani na fulani. Alipokata simu akabaki amekaa. Vidole vyake vilishika pindo la khanga, vikakunja, vikabana, vikakunja, vikabana, kuzunguka pindo lote. Nilisimama mlangoni nikivitazama mpaka nikashindwa.

Kesho yake nilisimulia. Nilianza na gari la wazi na dada aliyetaja koo zake. Nikapita Isimila, nikapita Mama na tumbo lake, nikapita miaka na nzige na goti, nikapita uzi. Nikala maandazi yaliyokaliwa. Nikapanda gari, nikamwambia usiondoke. "Tukarudi," nikasema, "tukalala."

Mkono wa Bibi ukasimama ndani ya maharage. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Hakuna neno ulilosahau?"

Alikuwa ananipa nafasi. Mpaka leo naiona nafasi ile, pana kabisa, ningeweza kupita na "okay" yangu tukaendelea mpaka majira mengine. "Hakuna," nikasema.

Bibi akanivuta akanikumbatia na mikono yake ya vumbi la maharage. "Nilijua unaweza tangu Krismasi," akasema. "Ni mimi nilikuwa sijawa tayari." Tukalia, kisha tukacheka, kisha akanikumbusha kwamba Babu hata hivyo alimpenda yeye zaidi.

Aliondoka Julai. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kila Jumapili nilimpigia, tukaongea mpaka simu ikawa moto sikioni: milulu, mvua, nani kaoa, nani kafa, mwalimu wangu kasema nini. Hakuwa redio tena, wala mimi sikuwa kisiki. Alipofariki nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, na kule msibani Iringa nilisimama nikaongea mbele ya ukoo wake wote, na wazee wakaulizana huyu kalelewa kijiji gani.

Siku hizi Jumapili yangu ina saa moja ya ziada, na sijui niifanyie nini. Kwenye sherehe zetu huku Toronto vijana wanasikia, wanacheka mahali pa kucheka, na wanajibu kwa Kiingereza. Binti yangu ni mmoja wao, na simcheki akijaribu. Namchagulisha maharage namsimulia safari ile, neno kwa neno kama nilivyokusimulia wewe. Ila nikifika pale tuliporudi tukalala, mdomo unanicheza. Naanguka makusudi, nasubiri mtu apige meza aseme mpaka kesho.